Injini Namba Mbili

Banda letu liko Masese, nyuma ya gati,
bati lake limetobolewa na mvua ya mawe ya mwaka ule,
na injini mbili za mvuke zimelala juu ya magogo ya mvule
kama ng'ombe wanaomsubiri daktari.
Zilitolewa kwenye mashua ndogo za jeshi la maji.
Ndiyo, jeshi la maji, hapa, ambapo bahari
ni habari tunayoletewa na watu wa Mombasa.
Mashua zenyewe zimeliwa. Mbao zilipikia maharage,
mabati yakawa mlango wa mtu kule Walukuba.
Kilichobaki ni chuma cha ndani: kizito mno kuibwa.

Namba Moja ina bahati. Imepakwa rangi ya kijani,
ina kibao: mwaka, kiwanda, nguvu za farasi kumi na tano.
Farasi! Ofwono hucheka kila akisoma.
Tangu azaliwe ameona farasi mmoja, wa polisi,
naye alikuwa anachechemea.

Namba Mbili niliachiwa mimi.
Miezi mitatu nikizinywesha nati mafuta ya taa,
nikizigonga kwa nyundo ya mbao, nikizibembeleza
kwa Kisoga, halafu kwa Kiswahili,
maana katika banda hili spana husikia Kiswahili.
Nyumbani mama hakukitaka. Cha wanajeshi, alisema,
na siku nilipokileta mezani
alinitazama kama niliyemeza mwiba wa ngege.

Jumanne. Umeme umekatika
(na mji huu ndio wenye bwawa),
nati ya mwisho ikalegea.
Nikainua kikombe cha shaba kinachobana fimbo ya pistoni,
pale ambapo mvuke hutafuta upenyo wa kutoroka.
Kitabu kinasema humo mna kamba ya katani
iliyosukwa, ikaloweshwa shahamu.
Nikachomoa kwa ndoano.
Haikuwa katani.
Ilikuwa na rangi ya udongo wa njiani, laini, imekunjwa mara nne,
nami niliijua kabla vidole havijaniambia:
lubugo.
Gome la mtuba, lililopondwa na kupondwa
hadi likakubali kuwa nguo.
Babu tulimzungushia tabaka sita.

Basi palikuwa na mtu, huko majini, mbali na ghala,
moto unawaka, mvuke unapiga mluzi kando ya fimbo,
afisa anafoka kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao,
na mtu huyo, mtia kuni asiye na kibao,
akakumbuka alichobeba katika furushi lake.
Ofwono anasema lilikuwa blanketi tu, usiku ziwani una baridi.
Labda.
Lakini waliopelekwa vitani
hawakuahidiwa nani angewazika.
Akachana ukingo wake upana wa vidole vitatu.
Mashua ikaenda.

Bwana Tumuhairwe alikuja kutoka Kampala na viatu visivyopenda grisi.
Akaishika lubugo kwa ncha ya kalamu.
Toeni uchafu huu, akasema, rudisheni kitu cha asili.
Nikasema ndiyo.
Ndiyo yangu ya kazini ina vyumba vingi.

Katani ikafika kwa basi, na risiti yake.
Nikaikata kwa kipimo. Nikaipaka shahamu.
Lubugo ikatangulia kuingia, katani ikaifunika,
nikakaza kikombe, robo mzunguko, robo mzunguko.
Kisha mimi na Ofwono tukalishika gurudumu zito kwa mikono.
Lilikataa. Likafikiri. Likageuka,
na pistoni ikapanda ikivuta pumzi
kama mtu anayeamshwa na hataki kusema alikuwa amelala.
Hatukuwa na mvuke wowote wa kuzuia.
Lubugo ilibana vilevile.

Kwenye fomu kuna nafasi ya fundi aliyekarabati.
Niliandika: Kagoya, J.
Juu ya jina langu niliruka mstari mmoja, mtupu.
Walipouliza, nikasema kalamu iliteleza.