Siku ya Nne

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, usiku.
Bodi ya pampu ya Shekiondo iko uchi mezani.
Umeme umefika, volti tatu na ushee,
ila fuwele haitetemi.

Nimebadili fuwele. Nimebadili chipu.
Nimemtukana aliyeniuzia.
Nikagusa mguu wake kwa ncha ya kipimo,
wimbi likapanda kwenye kioo, jembamba, safi.
Nikaondoa mkono:
kimya.

Nikigusa, hai. Nikiacha, mfu.
Kama mtoto anayejisingizia usingizi
mpaka atekenywe.

Mwanshehe, niliyemwajiri afagie na ajifunze,
aliinama na lenzi hadi pua ikagusa bodi.
"Fundi, huu ulimbo wa lehemu hukuusafisha.
Umekunywa hewa ya bahari, sasa unavujisha."

Mswaki mkuukuu. Spiriti. Akapuliza.

Taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena.

Sikumshukuru; niliuliza chai iko wapi.
Mitetemo milioni nane kwa sekunde,
na mimi siku nne
nang'oa visivyoumwa,
nikiacha palepale
uchafu wa mkono wangu.

Asubuhi alikuta ufagio
nimeuegemeza upande wangu wa meza.