Tiketi ya Januari

Saa kumi na moja alfajiri, chumba cha kufulia cha hospitali, Charleroi.
Mashuka ya wodi tatu yanazunguka nyuma ya vioo.
Ghislaine ananisogezea simu yake yenye ufa
na kuniuliza, kama aulizaye bei ya nyanya:
"Kwenu, Rafika, msimu mzuri ni upi?"

Ana akiba ndani ya kopo la biskuti,
euro mia tatu na kumi, na sarafu ambazo hajazihesabu.
Anataka jua. Hataki kuibiwa.
Hataki hoteli ambayo watu huchezeshwa viungo majini kwa filimbi.

Agosti iache, nikamwambia.
Agosti ni yetu sisi tuliotawanyika:
magari yenye friji juu ya paa, foleni ya feri mpaka usiku,
nauli imepanda mara nne na bado inagombewa,
harusi tatu jioni moja, na ole wako ukikosa hata moja.

Aprili, shayiri ya Berkane bado kijani,
maji yanashuka bonde la Zegzel kwa baridi ya kuuma meno.
Lakini Aprili kuna likizo,
na shule zikifungwa, bei hufunguka.

Oktoba, basi. Ufuo wa Saidia mtupu, bahari haijapoa,
mwenye mgahawa ana muda wa kuvuta kiti
na kukulalamikia habari za shemeji yake.

"Na Ramadhani?"
Ramadhani haikai mahali.
Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi,
kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha njiani.

"Na hii je?"
Kidole chake kimesimama juu ya Jumanne ya tatu ya Januari.
Oujda. Euro kumi na tisa.
Kuondoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, giza totoro,
begi moja tu, la kuingia chini ya kiti,
nao hulipima kwa makini kama wakunga wapimavyo njiti.

Kumi na tisa.
Nikaitazama hadi mwanga wa simu ukazimika.

Baba alikufa tarehe nane Agosti.
Nililipa mia sita arobaini na mbili, kupitia Madrid,
nikalala juu ya viti vya chuma,
na nilipofika, jua la siku mbili lilikuwa limeshaukausha udongo.

Nafuu ni ya anayeweza kungoja, Ghislaine.
Msiba haukati tiketi mapema.

Hakusema kitu.
Alikunja foronya mara nne, akaikunjua,
akaikunja tena.
Kisha: "Januari kuna nini huko?"

Mvua, nikasema. Matope mpaka kizingitini.
Nyumba zetu hazina hita, tunalala na soksi,
na mama hulala na kilemba na koti la marehemu.
Na machenza.
Machenza yameiva hata matawi yanategemezwa kwa magongo,
mji mzima unanukia maganda,
watoto wana njano chini ya kucha hadi darasani.
Sijachuma chenza mtini tangu nina miaka ishirini na miwili.
Hapa nanunua ya wavu, sokoni, Jumapili,
nageuza kibandiko nisome yametoka wapi.

Akaichukua simu.
Palipoandikwa idadi ya abiria akabonyeza: wawili.
"Utanilipa Ijumaa," akasema,
"na begi la kwako ubebe mwenyewe."
Mashine ya tatu ikalia, imemaliza.
Tukaenda kuifungua.

Saa mbili, kituo cha basi, nilimpigia mama.
"Nakuja Januari."
Kimya.
Nikasikia redio ikizimwa, kiti kikiburutwa,
pumzi yake ikikaa chini kabla yake.
"Niambie polepole," akasema.
"Nani amekufa?"