Jumapili ya Beri

Kwetu mwezi ule uliitwa Julai ya Kabichi.
Kabichi asubuhi, kabichi na chumvi jioni,
na maji yake tukayanywa tukiyaita supu.
Viazi vya mwaka jana vilikwisha;
vya mwaka huu vilikuwa chini, vinanenepa polepole
kama watu wasio na deni.

Mwiko ulikuwa mmoja, bonde zima liliujua:
usichimbe kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi.
Anayechimba mapema hajui kupima,
ghala lake lina tundu, na tundu hilo ni mke.
Ndivyo walivyosema. Mke, si mume.

Usiku wa tarehe kumi na tatu niliamshwa na kiu
nikamwona mama bustanini, kapiga magoti,
hana taa, mikono ndani ya tuta kama mkunga.
Alitoa viazi sita. Nilihesabu.
Sita, vidogo kama mayai ya njiwa.
Kisha akairudisha miche miwili ardhini,
akaushindilia udongo kwa kiganja,
ili asubuhi Hanora Tuohy apitapo na ndoo yake
aone tuta lililotulia, mke mwenye subira.
Tulikula gizani. Mdogo wangu Fiachra akauliza ni nini.
"Kabichi," mama alisema. "Kula."

Ikafika Jumapili, tukapanda mlima.
Wasichana wamebandika maua vifuani,
wazee wamekata fimbo mpya,
na Malachy na fidla yake ya nyuzi tatu
akiapa kwamba wa nne haukuwahi kuwa na kazi.
Tulichuma beri hadi midomo ikawa buluu,
meno yakawa buluu, hata uongo wetu ukawa buluu.
Wavulana walizitunga kwenye nyasi ndefu,
wakawafunga wasichana bangili;
bangili hizo hazikuruhusiwa kushuka mlima,
zilibaki huko juu
pamoja na habari ya nani alimfunga nani.

Kileleni, masufuria yakafunuliwa.
Viazi vipya! Ngozi inabanduka kwa kidole tu,
siagi inateremka, haina haraka, inajua njia.
Kila mwanamke aliinua kimoja, akatamka
kama alivyotamka bibi yake:
"Tuwe hai tena, mwakani, saa kama hii."
Mama naye akatamka. Akauma, akafumba macho,
akasema kwa sauti ya kusikika,
"Jamani! Nilikuwa nimeshaisahau ladha yake."

Nikamwangalia Hanora.
Hanora alikuwa anatazama chini.
Si chini miguuni. Chini bondeni.

Kutoka kule juu bustani zote zilionekana,
zimegawanywa kwa kuta za mawe kama viraka vya blanketi,
kijani, kijani, kijani,
na katika kila moja, kwenye kona iliyojificha na njia,
doa la manjano:
miche iliyosimama wima bila mizizi,
imekauka huku ikilinda heshima.
Kwetu miwili.
Kwa Hanora, mstari mzima.
Kwa padri, Mungu amrehemu, robo ya shamba.

Nikaona mabega ya mama yakitikisika.
Nilidhani analia. Hakuwa analia.
Mwanamke wa pili akaangalia alikoangalia mama,
na wa tatu, na kilichofuata
hakikuwa kicheko hasa, kilikuwa pumzi
iliyozuiwa tangu tarehe mosi.
Wanaume waliuliza kuna nini.
Hakuna, tuliwaambia. Kuleni.

Jua lilipoinama tukachimba shimo la maua,
maana maua ya siku hiyo hayarudi nyumbani:
yakizikwa, kiangazi kimeagwa.
Nikaliweka langu, limenyauka, lina harufu ya siagi.
Mama akachukua udongo kwa mikono miwili.
Hanora akasogea, akainama karibu na sikio lake.

"Shindilia vizuri, Sadhbh," alisema.
"Wewe una mkono wa kazi hiyo."