Visanduku

Saa kumi alfajiri ndipo umeme hurudi Katuba.
Naamka kabla ya jogoo wa Mama Fwamba,
nachomeka kompyuta, nachomeka simu, nachomeka na pasi,
maana hatujui utakaa dakika ngapi.

Kazi yangu ni kuchora visanduku.
Picha inakuja: barabara ya mbali, mvua, taa nyekundu.
Gari, kisanduku cha bluu.
Mtu, kisanduku cha manjano.
Mbwa, hata mbwa, ana rangi yake.
Picha mia, dola moja na nusu;
ukikosea tatu, nusu inakatwa.

Baba hukaa nyuma yangu na kikombe cha chai kavu.
Miaka ishirini na sita alilisha tanuru,
akaijua shaba kwa rangi ya moto
kama mama ajuavyo uji kwa sauti ya mapovu.
King'ora kilimwamsha, king'ora kilimlaza.
"Kampuni njo baba, njo mama," walisema,
na kila mwezi gunia la unga likaapa kuwa ni kweli.
Kisha ikaja bahasha, na ndani yake neno "hiari".
Akatia sahihi.
Hiari ya nani, hajaambiwa mpaka leo.

"Unaifundisha mashine kuona?"
Ndiyo, baba.
"Na ikishaona?"
Nikajifanya mtandao umekatika.

Tulikuwa kumi na wanne:
Numbi wa Ruashi aliyesomea ualimu,
Kalasa na mtoto wake mgongoni,
Monga asemaye mwakani ataandika programu zake mwenyewe
(mwaka juzi alisema hivyohivyo,
ila nimemwona kweli, usiku wa manane,
akisoma chini ya taa ya kituo cha mafuta).

Jumanne ikaja picha niliyoijua.
Vumbi lile jekundu. Ukuta ule,
na tangazo la sabuni lililofutika nusu.
Barabara ya Kasenga!
Katikati yake magunia sita ya makala
yameimeza baiskeli inayoyabeba,
na nyuma yake mtu ameinama, anasukuma:
miguu tu, basi.

Mashine ilikuwa imenitangulia.
Ilishachora kisanduku chake, cha kijivu,
na juu yake imeandika: taka.
Uhakika, asilimia tisini na moja.

Sikucheka.
Nikakuza picha, nikaona kandambili,
moja ya kijani, moja nyeusi.
Nikafuta kijivu, nikachora manjano,
nikaanzia kisigino, nikapanda taratibu
hadi pale kichwa kingekuwa,
maana kichwa kipo hata kama picha haikukiona.
Dakika nne nzima.
Senti moja na nusu.

Ijumaa ukafika ujumbe wenye adabu zote:
mfumo sasa unajitosheleza, mradi umefungwa,
asante kwa mchango wako.
Nikamsomea baba.
"Mimi angalau walinipa bahasha," akasema,
akatoka nje kuangalia kuku asiyehitaji kuangaliwa.

Aliporudi: "Yule wa makala, ulimwandika nani?"
Mtu, baba.
"Na akipita mwingine kesho, ana magunia nane?"

Leo Monga amekuja na daftari la shule.
Anaorodhesha, kwa kalamu, vyote visivyojulikana na mashine:
chikanda kwenye toroli,
madumu ya maji yaliyopangwa foleni bila wenyewe,
mama anayeuza muda wa maongezi chini ya mwavuli uliopasuka,
taa ya barabarani ambayo haijawahi kuwaka.
Tutawauzia, anasema.
Nani? Hajui. Mteja bado.
Numbi anamsahihishia tahajia.

Umeme ukakatika tukiwa ukurasa wa tatu.
Baba akawasha mshumaa, akausogeza karibu na daftari,
akasimama hapohapo, kama mtu aliyesahau alichofuata.
"Andika na hii," akasema.
"Shaba ikiiva, ulimi wa moto hugeuka kijani.
Si kijani cha rangi ya duka.
Kijani cha jani la muhogo, upande wa chini."

Monga akaandika.
Rangi ya kisanduku akaiacha wazi.