Kila Kituo Mwezi

Zabloni aliuza tiketi Nakuru
miaka thelathini na mmoja.
Dirisha la nondo, kidole cha wino:
"Londiani moja, Koru mbili, mtoto nusu."
Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka Koru.
Likizo alikwenda kwao Chavakali kwa basi la usiku,
vituo vyote vikipita gizani
kama watu anaowajua kwa majina tu.

Alipostaafu wakampa saa ya ukutani.
Mimi, mkunga, nilitangulia mwaka mmoja,
nikapewa sufuria.
Jioni ile akatandaza ramani juu ya vyombo:
Rasoa, twende Kisumu.
Kwa basi ni saa nne, nikasema.
Nataka miezi kumi na mitatu, akasema.
Kila kituo mwezi.

Edna akapiga simu kutoka Rotadamu.
Huku wazee wanafunga nyumba, mama,
wanakokota vibanda nyuma ya gari mpaka Ureno,
wanakaa huko hadi baridi iishe.
Njooni. Tiketi nitalipa mimi.
Baba yake akachukua simu:
Tiketi, mwanangu, usinifundishe.

Njoro tulipanga nyuma ya kinu cha posho.
Tuliamka na nyusi nyeupe,
tukachekana: nani kazeeka zaidi?
Molo tulilala na soksi,
tukala viazi mpaka viazi vikatukinai sisi.
Kutoka Molo, lori la kabichi;
kuna mahali tulishuka tukatembea,
godoro tukimwachia dereva na Mungu.

Hakuna aliyetuuliza swali gumu
ila mama mmoja wa Mau Samiti, mwenye nyumba:
Mmefukuzwa na watoto?

Nikwambie ndoa yetu ilivyokuwa.
Yeye zamu ya usiku, mimi zamu ya usiku,
na usiku wenyewe haukuwa mmoja.
Tulipokezana kitanda kingali na joto.
Tulilea watoto wanne kwa vikaratasi mezani:
*Chai iko kwa chupa. Edna anakohoa. Karo Ijumaa.*
Sasa Londiani, mvua siku ya tano,
chumba kimoja, dirisha moja,
ndipo Zabloni akaniona nikimwaga chai yake.

Ina nini?
Sukari.
Tangu lini hunywi sukari?
Tangu Edna aingie sekondari.

Akahesabu. Nilimwona akihesabu,
kama mtu anayefunga hesabu za zamu
na droo imepungua.
Akavaa koti, akaenda kusimama relini kwenye mvua,
na mimi sikumfuata.

Koru, mzee mmoja wa miwani alimtazama sana dukani.
Wewe si wa dirishani Nakuru?
Ni mimi, akasema Zabloni, akifurahi.
Nilipungukiwa senti hamsini, mzee akasema.
Ukaniambia sogea, wengine wapite.
Mama yangu walimzika bila mimi.
Hakusema kwa ukali. Alikuwa akichagua kiberiti.
Zabloni akatia mkono mfukoni,
akautoa mtupu.
Mwezi ule wote alimpitia mzee yule asubuhi;
wakapalilia miwa, kila mtu mstari wake,
na walizungumza nini, au kama walizungumza,
sijui. Mimi pia nina vitanda ninavyokumbuka,
na majina ambayo sikuandika.

Muhoroni, joto. Chemelili, inzi na harufu ya molasi.
Kibigori nilizalisha msichana usiku bila taa,
nikashika tochi ya simu kwa meno,
ikawa jina la mtoto ni Stesheni, wakakataa kunisikiliza.
Miwani, bomba la kiwanda halina moshi,
ndege weusi wamelipanga bure.

Leo tuko Kibosi. Usiku ukiwa mkavu
taa za Kisumu zinaonekana,
karibu hata ungedhani unaweza kuzizima kwa mkono.
Kodi inaisha keshokutwa.
Saa ya ukutani imesimama tangu Fotanani;
tunaibeba tu.

Zabloni amechemsha chai, ameweka sukari kwa sahani, kando,
halafu ametoka.
Namsikia uani, kwa mwenye nyumba,
akiuliza, kwa sauti yake ile ya dirishani,
mwezi mwingine ni bei gani, watu wawili.