Daftari la Nne

Jumanne saa nne kengele ya mlango inalia,
Mzee Petrie anaingia na mvua mabegani,
kwapani daftari jipya, jalada la kijani,
penseli kaichonga pande zote mbili.
"Bado?" anauliza.
"Bado. Siku kumi na tatu."

Mimi ni fundi wa kompyuta
kwenye mteremko wa Hilltown, mjini Dundee,
na mwezi mzima sijalala vizuri.
Nimesoma kila tetesi, nimeona picha zilizovuja:
madirisha yenye pembe laini kama kipande cha sabuni ya jana,
weusi wa skrini uliouzidi usiku,
utafutaji unaojua unachotaka kabla hujamaliza kukitaka.
Mama, kwa simu kutoka Muheza, aliuliza,
"Huo mfumo endeshi unaendesha nini hasa?"
Nikacheka. Kisha nikakosa jibu.

Mzee Petrie hana tetesi. Ana madaftari.
La kwanza, jekundu, ni mwandiko wa mkewe, Isla:
"Bonyeza cha kijani, chini kushoto. Ngoja. Usigombane nayo."
La pili aliliandika mwenyewe, baada ya mazishi,
cha kijani kilipogeuka duara la buluu.
La tatu, duara lilipohama pembeni kwenda katikati
bila kuaga, kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Kila toleo jipya
linamfutia kurasa arobaini.

Halaumu mtu. Anachotaka kujua
ni kama barua za Isla zitakuwa palepale,
kwenye folda aliyoiita "Mengineyo."
Zitakuwepo, nikamwambia. Nimezinakili mara tatu.
Akaandika: Mara tatu.
Akapiga mstari chini yake, kwa rula.

Akianza kunung'unika kwa Kiskoti chake kizito
simwelewi neno kwa neno, namwelewa kwa mizani,
nami natunga nyuma ya kaunta huku nikikaza skrubu:

Kipya kinyemi kidonda, waliosema wahenga,
Vitufe nilivyopenda, msije mkavitenga,
Nilikozoea kwenda, njia msije kufunga,
Njoo, mgeni, nakonda, mwenyeji nipone janga.

Nilimsomea. Akasikiliza kichwa upande,
akasema inafanana na treni kwenye daraja la Tay,
ikihesabu mataruma.

Siku ikafika. Saa moja jioni, giza limeshatanda,
Oktoba ya huku haina subira.
Nimegeuza kibao cha dukani, nimechemsha chai,
kompyuta yake iko kati yetu
kama mwari anayengoja kutolewa ndani.
Asilimia tatu.
Asilimia tatu.
Asilimia tisa, kisha saba. Naapa ilirudi nyuma.
Feni inavuma, chai inapoa,
kucha zangu nimezitafuna zote, za mkono wa kulia.
Yeye anatoa biskuti mfukoni, anaikata katikati,
ananipa nusu iliyo kubwa.

Saa nne kasoro, skrini inazimika.
Tunaangalia nyuso zetu mle ndani,
mzee mmoja, fundi mmoja, hakuna anayepumua.
Kisha mwanga.
Na kweli: pembe za sabuni. Weusi uliouzidi usiku.
Folda ya "Mengineyo" imekaa pale, haijui kilichotokea.

Naanza kumwonyesha. Hiki. Na hiki. Hebu tazama hiki!
Anainua penseli kama askari wa barabarani.
Anafungua ukurasa wa kwanza, anaandika tarehe,
anaandika namba moja, anaizungushia duara.
"Tuanze na la muhimu," anasema.
"Cha kuzimia wamekiweka wapi?"

Naangalia pembeni. Juu. Katikati. Chini.
Fundi mzima, miaka kumi na mmoja kazini,
natafuta,
na Mzee Petrie, bila haraka, anasogeza kikombe changu,
ananimiminia chai iliyobaki.
"Ngoja," ananiambia. "Usigombane nayo."