Funga Mlango

Jumapili saa tisa, kibandani kwa Bilali fundi redio,
Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
hatuulizani habari za nyumbani.
Tunaulizana: wiki hii masikio yako yamelala wapi?

Feruzi, aliyekuwa mshika breki wa mabehewa ya Kigoma,
anajibu kabla hajakaa:
"Nipo kwenye ile ya kijani, upande wa pili,
pale gitaa linapoanza kama mtu anayeburuta bati barabarani,
mara bati linageuka maji.
Siku ya nne leo. Mke wangu amehamia jikoni."

Mwalimu Nyamizi bado yuko na yule anayeimbia puani.
Anasema ngoma zake zinakwenda mbili mbele, moja nyuma,
kama baiskeli yenye gunia la tumbaku kwenye mchanga.
Anasahihisha hesabu kwa mapigo hayo.
Darasa la sita limepanda alama
na halijui limshukuru nani.

Mimi muuza asali nimechelewa, ndoo ingali kichwani.
Nimekwama kwenye wimbo usio na jina.
Nyimbo zetu zote hazina majina, karatasi zilifutika
kwa jasho la mifuko na mafuta ya taa.
Huu nauita Wa Ngazi,
maana mpiga besi anashuka,
anashuka,
na chini hafiki.
Kiingereza chake sikijui, wala sijapungukiwa.
Anayelia msibani humwulizi kabila.

"Roki," Kapela alituambia, mwaka ule wa sukari ya foleni,
"ni umeme uliokasirika."
Umeme wenyewe hatukuwa nao.
Tulikuwa na betri sita, mchana tunazianika juani kama michembe.
Kaseti aliazima kwa abiria aliyetoka Ndola kwa njia ya ziwa,
treni imemlaza stesheni siku mbili,
na usiku wa pili, chumbani kwa Kapela,
redio mbili zikawekwa mdomo kwa mdomo,
moja ikisema, moja ikimeza,
na sisi ukutani, pumzi tumezibana.

Ndipo mbwa wa jirani akabweka.
Ndipo mtu akaingia (mimi, nasema leo, nilikuwa mimi).
Ndipo Kapela, kwa sauti ya karani wa stoo ya reli:
"Funga mlango!"
Na gitaa likaingia.

Nakala ikazaa nakala. Cheyo, Kachoma, hadi Urambo,
kila kaseti ya kijani ina mbwa, ina mlango.
Vijana waliozaliwa baadaye waliamini
Wazungu wale wanajua Kiswahili, ila neno mbili tu.

Juzi Mihayo, mjukuu wa Feruzi, akaja na simu.
"Babu, nimeipata safi."
Akaitumbukiza ndani ya sufuria ili ivume.
Kweli, ilikuwa imeogeshwa.
Tulisikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi,
tukasikia mwimbaji akivuta hewa kabla ya neno.
Tukafika pale.

Kimya.
Kimya kisafi, kisicho na mbwa.
Bilali akanyoosha mkono aongeze sauti,
kana kwamba Kapela amesogea tu mbali kidogo.
Gitaa likaingia kwenye chumba kisicho na mtu.

Tulimzika Kapela kiangazi cha mwaka juzi,
tukadhani tumemaliza.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Asali ilikuwa inadondoka
kwenye kandambili yangu, nikaiacha.
"Rudisha," Nyamizi akasema.
Kijana akarudisha kwa kidole.

Safari hii Feruzi, miaka sabini na moja, na vidonda vya tumbo,
alibweka.
Alibweka vizuri, kwa mkono kifuani, mbwa mzima,
na wote wanne, kwa pamoja, kwa sauti ya karani:
"Funga mlango!"

Gitaa likaingia, mahali pake.

Na upande wa pili wa ukuta, mwenye mashine ya mpunga,
bila kuuliza ni nani,
akafunga wa kwake.